Kuungua Kidogo Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu majeraha madogo ya moto: maji ya moto, mafuta, mvuke, pasi, sufuria, bomba la moshi la pikipiki. Umeme na kemikali vina taratibu zake (maswali ya 20 na 21). Kama mtu anaungua wakati unasoma, anza na swali la 1, mengine yatasubiri.

## Dakika za mwanzo

1. Nimeungua sasa hivi. Nifanye nini kwanza?

Weka sehemu iliyoungua chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Tazama saa, usikisie, kwa sababu mtu mwenye maumivu huona dakika tano kama nusu saa.

Maji yakiendelea kutiririka, vua pete, bangili, saa na nguo zilizo karibu na jeraha. Uvimbe huanza mapema, na pete iliyokuwa inatoka bila shida inaweza kufikia hatua ya kukatwa. Nguo iliyolowa maji ya moto au mafuta iondolewe upesi, maana inaendelea kushikilia joto kwenye ngozi. Kwa mtoto, usisahau nepi: hunywa maji ya moto na kuyatunza palepale. Nguo iliyogandamana na ngozi usiivute. Kata kitambaa kuizunguka, endelea kumwagia maji, kisha mpeleke mgonjwa hospitali.

Kama hakuna bomba, mwagia maji safi kwa kikombe taratibu, au tumbukiza sehemu hiyo kwenye beseni na ubadilishe maji kila yanapoanza kuwa vuguvugu. Kitambaa kilicholoweshwa ni chaguo la mwisho. Ukikitumia, kiloweshe upya kila baada ya dakika moja au mbili, la sivyo kinageuka kuwa blanketi.

2. Maumivu yameisha baada ya dakika tano. Kwa nini niendelee hadi 20?

Kwa sababu kutuliza maumivu ni faida ya pembeni tu. Mwaka 1953 daktari wa upasuaji Douglas Jackson alieleza jeraha la moto kama maeneo matatu. Katikati kuna ngozi iliyokwisha kufa. Ukingoni kuna ngozi iliyowiva rangi ambayo itapona yenyewe. Kati ya hayo mawili kuna eneo ambalo damu bado inapita, lakini kwa shida, nalo linaweza kupona au kufa katika saa na siku zinazofuata. Hilo la kati ndilo maji yanalolipigania. Ukiacha mapema, joto lililobaki chini ya ngozi linaendelea kuumiza tabaka za ndani hata kama juu pamepoa.

3. Imeshapita saa nzima. Maji bado yana maana?

Ndiyo. Kupoza kunasaidia hadi saa tatu baada ya kuungua. Kama mtu alishapaka kitu, kioshe kwa maji hayohayo na uhesabu dakika 20 upya.

4. Barafu si inapoza haraka zaidi?

Inapoza kupita kiasi. Baridi kali hubana mishipa ya damu katika eneo lile la kati linalohitaji damu kuliko jingine lolote, na inaweza kuiunguza ngozi kwa baridi juu ya jeraha la moto. Tena ganzi inakunyima taarifa: huhisi kwamba umezidisha. Maji ya nyuzi joto 15 hivi ni mazuri sana, lakini maji ya kawaida ya bomba, hata yakiwa na nyuzi 25, yanasaidia.

Poza jeraha, usimpoze mtu mzima. Mtoto mdogo na mzee hupoteza joto la mwili haraka, kwa hiyo mfunike sehemu nyingine za mwili wakati maji yanapita kwenye jeraha.

## Ni jeraha dogo kweli?

5. Nitajuaje kama naweza kujitibu nyumbani?

Angalia ukubwa, kina, mahali lilipo na nani ameungua. Kipimo cha ukubwa unacho mkononi: kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni takriban asilimia 1 ya ngozi yake yote. Kwa mtoto tumia kiganja cha mtoto. Watu wengi hukosea hapo, wanapima kwa kiganja chao na jeraha linaonekana dogo kuliko lilivyo.

Poza kwa dakika 20, kisha nenda hospitali ikiwa:

- jeraha ni kubwa kuliko kiganja hicho;
- lina rangi nyeupe, kahawia au nyeusi kama lililochomwa, au halina hisia (swali la 8);
- lipo usoni, mkononi, mguuni chini ya kifundo, sehemu za siri au juu ya kiungo, na limetoa malengelenge;
- limezunguka kidole, mkono au mguu pande zote, kwa sababu uvimbe wake unaweza kuzuia damu;
- limetokana na umeme au kemikali;
- mtu alivuta moshi, sauti imekwaruza, au ana masizi puani na mdomoni. Huyu aende mara moja, hata kama ngozi haina alama;
- aliyeungua ni mtoto mdogo, mzee, mjamzito, ana kisukari au kinga yake ya mwili ni dhaifu.

Kilichobaki, yaani jeraha dogo, la juujuu, mahali pasipo pa hatari na kwa mtu mwenye afya, ndicho cha kutibu nyumbani.

6. Jeraha la juujuu linaonekanaje, na la ndani linaonekanaje?

La juujuu kabisa ni kavu, linauma ukiligusa na halina malengelenge. Ukilibonyeza kwa kidole linapauka, ukiachia rangi inarudi upesi. Linalofuata kwa kina lina malengelenge, na chini yake ngozi ni ya waridi, ina majimaji na inauma vikali. Aina hizi mbili, zikiwa ndogo, hutibika nyumbani.

Likienda ndani zaidi linakuwa na mabaka mekundu na meupe, na rangi hairudi au inarudi polepole. La mwisho ni kavu, gumu kama ngozi ya kiatu, na haliumi.

Usitoe hukumu siku ya kwanza ukaisahau. Jeraha la moto hubadilika, na lililoonekana jepesi leo linaweza kuonekana la ndani siku ya pili au ya tatu. Litazame tena kila unapobadilisha bandeji.

7. Ngozi yangu ni nyeusi na sioni wekundu wowote. Nitumie nini?

Maelezo mengi ya jeraha la moto yameandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza kuonekana kama zambarau, kahawia iliyokolea, au usionekane kabisa. Tumia vidole na hisia zaidi ya macho: je, pana joto kuliko ngozi ya jirani? Pamevimba, pana mng'ao? Panauma ukigusa? Malengelenge huonekana kwenye rangi yoyote. Ngozi ya juu ikibanduka, sehemu ya chini huwa ya waridi, na hapo kipimo cha kubonyeza kinafanya kazi vizuri. Sehemu nyeupe kavu isiyouma haihitaji kipimo kingine: nenda hospitali.

8. Haliumi hata kidogo. Si ndiyo nafuu?

Hapana. Mishipa ya fahamu ya mahali hapo huenda imeungua. Nenda hospitali leo.

## Vitu vya kupaka

9. Dawa ya meno, siagi, mafuta, ute wa yai, unga: kipi kinafaa?

Hakuna. Mafuta na siagi hufunika ngozi wakati joto linatakiwa litoke. Dawa ya meno ina menthol inayodanganya kwa ubaridi wake, lakini ina sabuni na viambato vinavyowasha ngozi iliyo wazi. Yai bichi huweza kuingiza bakteria. Unga hugandamana na majimaji ya jeraha, na kuubandua baadaye ni kuumiza ngozi mara ya pili. Vyote pia vinamzuia mhudumu kuona kina cha jeraha, hivyo kazi yake ya kwanza inakuwa kukwangua.

Kinachovipa sifa vitu hivi ni kwamba majeraha madogo mengi hupona yenyewe, na kilichopakwa ndicho kinachoshukuriwa.

10. Na asali au alovera?

Hivi vina hoja, ila si vya dakika 20 za mwanzo. Asali maalumu ya kitabibu iliyosafishwa kwa mionzi hutumika kwenye majeraha ya moto, na tafiti zimeonyesha inaweza kuharakisha kupona kwa jeraha lenye malengelenge. Asali ya kawaida haijaondolewa vijidudu, kwa hiyo usiiweke kwenye ngozi iliyo wazi.

Jeli ya alovera inatuliza jeraha kavu lisilo na malengelenge, baada ya kupozwa. Ukikata jani mwenyewe, liache lisimame hadi utomvu wa manjano umalizike kutoka, kwa sababu huo ndio unaowasha. Jeli ni ile angavu ya katikati. Jeraha lililobanduka ngozi usilipake.

11. Nina krimu ya silva sulfadiazini, dawa ya zambarau, iodini na spiriti. Nitumie ipi?

Krimu ya silva sulfadiazini imezoeleka mno, lakini kwa jeraha dogo huweza kuchelewesha ngozi mpya na huacha utando unaoficha rangi ya jeraha. Haifai kwa mwenye mzio wa dawa za salfa, mjamzito aliyekaribia kujifungua, wala mtoto chini ya miezi miwili. Iache hadi mhudumu aiandike.

Dawa ya zambarau inafuta kabisa uwezekano wa kusoma jeraha kwa rangi. Spiriti, haidrojeni peroksaidi na iodini kali huua vijidudu pamoja na seli changa. Tumia maji safi na sabuni laini isiyo na manukato, kisha vaselini.

## Malengelenge na bandeji

12. Nipasue lengelenge?

Usipasue. Ngozi ile ni bandeji safi ambayo huwezi kuinunua popote. Kubwa lililokaza, lililo juu ya kiungo au linalozuia kidole kukunjika lipelekwe kwa mhudumu alifungue kwa vifaa safi. Sindano iliyopitishwa kwenye moto wa kiberiti si kifaa safi.

Likipasuka lenyewe, osha kwa maji na sabuni laini, laza ngozi iliyolegea juu ya jeraha bila kuivuta, kisha funga kama ilivyo kwenye swali la 14.

13. Si bora niliache wazi lipate hewa likauke?

Jeraha kavu la juujuu lisilo na malengelenge unaweza kuliacha wazi na kulipaka vaselini tu. Lililo wazi au lenye malengelenge lifunikwe. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa majaribio ya ngozi ya nguruwe kwamba jeraha lenye unyevu hufunga haraka kuliko lililoachwa likaota gaga, kwa kuwa seli mpya hutambaa juu ya sehemu yenye majimaji badala ya kuchimba njia chini ya gaga. Kukauka si kupona.

14. Nalifunga vipi?

Nawa mikono. Osha jeraha, kausha ngozi ya pembeni kwa kitambaa safi bila kusugua. Paka vaselini tabaka jembamba, ukiitoa kwenye tyubu au kopo jipya, si lile ambalo familia nzima inachovya vidole. Weka shashi isiyoganda, izidi ukingo wa jeraha kwa sentimita 2 hivi. Kama unayo shashi ya kawaida tu, ongeza vaselini. Pamba usiweke kabisa, nyuzi zake huingia ndani.

Juu yake zungusha bandeji bila kukaza. Bonyeza ukucha ulio mbele ya bandeji: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, au vidole vikifa ganzi, legeza. Vidole vilivyoungua vitenganishwe kwa shashi kati yake, kwani ngozi mbichi ya kidole kimoja hugandamana na ya jirani. Inua mkono au mguu juu ya mto kwa siku mbili za mwanzo, lakini endelea kukunja na kukunjua viungo.

Fungua kesho yake ulitazame, kisha badilisha kila siku moja au mbili, na papo hapo ikilowa au ikichafuka. Kuoga si tatizo: fungua, oga maji yasiyo moto, funga upya.

15. Nipo safarini kuelekea hospitali na sina shashi. Nifunike na nini?

Plastiki nyembamba ya kufunikia chakula. Tupa sentimita chache za mwanzo za roli, kisha laza vipande juu ya jeraha. Usizungushe, mkono ukivimba plastiki haitanuki. Haifai usoni wala kwenye jeraha la kemikali.

16. Bandeji imeganda. Nivute kwa nguvu moja iishe?

Ukivuta utaondoka na ngozi mpya. Lowesha kwa maji safi ya uvuguvugu dakika 10 au zaidi, kisha iondoe polepole ukiikunja juu yake yenyewe. Safari ijayo ongeza vaselini.

## Maumivu, dawa na chanjo

17. Ninywe dawa gani ya maumivu?

Mtu mzima: parasetamoli miligramu 500 hadi 1,000 kila baada ya saa 4 hadi 6, usizidi miligramu 4,000 kwa saa 24. Hesabu pia parasetamoli iliyofichwa ndani ya dawa za mafua. Mwembamba sana au mwenye ugonjwa wa ini aulize kipimo chake kwanza. Ibuprofeni miligramu 200 hadi 400 baada ya kula, hadi mara tatu kwa siku, ni chaguo jingine, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa hizo, au mjamzito.

Mtoto hupewa parasetamoli kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, isizidi mara nne kwa saa 24. Pima kwa bomba la sindano au kijiko kilichokuja na dawa. Aspirini hapewi aliye chini ya miaka 16.

Jeraha dogo huuma zaidi siku mbili za kwanza, kisha maumivu hushuka. Yakianza kupanda tena, soma swali la 18.

18. Nianze antibiotiki mapema ili lisiingie wadudu?

Hapana, antibiotiki ya kujikinga haisaidii jeraha dogo. Majimaji ya manjano angavu yasiyo na harufu ni ya kawaida. Maambukizi yana sura nyingine: maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya pili au ya tatu, uvimbe na joto vinavyotambaa nje ya ukingo, usaha, harufu mbaya, homa. Dalili yoyote kati ya hizo inataka kuonwa siku hiyohiyo. Chora ukingo wa uvimbe kwa kalamu, ili mhudumu aone kama unasogea.

19. Nahitaji sindano ya pepopunda?

Uliza kituo cha afya kama ni zaidi ya miaka 5 tangu dozi ya mwisho, kama hukumaliza dozi za msingi, au kama hukumbuki.

## Hali za pekee

20. Ni kemikali, si moto. Maji bado?

Ndiyo, mengi zaidi. Kama ni unga mkavu, upanguse kwanza ukiwa umevaa glavu, vua nguo, kisha maji yatiririke angalau dakika 20, na mara nyingi zaidi ya hapo. Usijaribu kuua asidi kwa magadi wala magadi kwa siki: kukutana kwao hutoa joto jipya. Jichoni, mwaga maji kutoka kona ya pua kwenda nje ili yasiingie jicho la pili. Saruji mbichi ndiyo inayohadaa watu, kwani hula ngozi kimya na maumivu huja saa kadhaa baadaye. Baada ya maji, hospitali.

21. Umeme umenipiga na kuacha alama ndogo tu.

Zima umeme kabla ya kumgusa mtu. Alama ndogo haisemi lolote kuhusu njia umeme ulikopita ndani, wala kuhusu mapigo ya moyo. Hospitali, kila mara.

22. Mvuke na mafuta ya kukaangia vina tofauti na maji ya moto?

Tiba ni ileile, ila tarajia kina zaidi. Mvuke unapogeuka maji juu ya ngozi huachilia joto lote uliolibeba. Mafuta ya kukaangia hufika nyuzi 180 hivi, na hushikilia ngozi badala ya kutiririka. (Maji ni ya ngozi. Usiyamwage kamwe kwenye kikaango kinachowaka.)

23. Plastiki iliyoyeyuka au lami imeganda kwenye ngozi.

Poza pamoja nayo hadi iwe baridi, usiibandue, nenda ikatolewe hospitali.

24. Bomba la moshi la pikipiki limenigusa shavu la mguu. Sekunde moja tu.

Usilidharau. Chuma hicho ni cha moto kiasi kwamba sekunde moja inatosha kufika ndani, na shavu la mguu hupona taratibu. Litazame siku ya tatu kwa vigezo vya swali la 6. Likiwa na weupe katikati, lionwe.

25. Nina kisukari na nimeunguzwa na chupa ya maji ya moto miguuni, ila halisumbui.

Miguu iliyopoteza hisia huungua bila taarifa, kwa hiyo kutosumbua hakukuhakikishii lolote. Onwa leo hata kama ni dogo kama kifungo.

26. Mtoto aliungua kidogo juzi, jeraha linaonekana zuri, lakini ana homa na anatapika.

Mkimbize hospitali sasa. Sumu ya bakteria inaweza kuingia mwilini kupitia jeraha dogo lisilo na usaha, hasa siku chache za mwanzo. Homa, vipele mwilini, kutapika, kuharisha au kulegea kwa mtoto aliyeungua karibuni ni dharura. Mwambie mhudumu kuhusu jeraha hata asipouliza.

## Kupona na kovu

27. Litapona lini?

La juujuu kwa siku 7 hivi, lenye malengelenge kwa wiki mbili. Lisilofunga baada ya siku 14 lionwe, maana likipita wiki tatu uwezekano wa kovu nene unapanda sana.

28. Linawasha kuliko lilivyouma.

Ni kawaida ngozi ikijijenga. Paka mafuta yasiyo na manukato mara kadhaa kwa siku, gandamiza kitambaa baridi badala ya kukuna. Usiku setirizini (dawa ya mzio) inaweza kusaidia.

29. Limefunga lakini limeacha doa. Litaondoka?

Rangi hubadilika kwa miezi mingi, iwe doa jeusi au weupe. Likinge na jua kwa mwaka mmoja, kwa nguo au losheni ya SPF 30 au zaidi. Usitumie krimu za kung'arisha ngozi, nyingine zina zebaki au steroidi kali.

30. Lilipona vizuri, sasa miezi michache baadaye kovu linavimba na kuwa gumu.

Kama limebaki ndani ya mipaka ya jeraha, jeli au karatasi ya silikoni inayovaliwa saa 12 au zaidi kwa siku kwa miezi miwili na kuendelea, pamoja na kulikanda kwa mafuta, mara nyingi hulilainisha. Likivuka mipaka na kuingia ngozi isiyoungua, hilo ni keloidi: halikatwi ovyo, kwa sababu hurudi kubwa zaidi. Daktari wa ngozi kwa kawaida huanza na sindano za steroidi ndani ya kovu lenyewe.